Dawa Ni Halali. Je, na Usukani?

Tumeulizwa suali na ndugu zetu wawili wakaao Nairobi, mmoja Kibera na mwengine Kawangware, wote wawili madereva wa magari ya abiria. Wanasema: "Sisi hatunywi pombe wala hatujapata kuionja. Lakini mtu huumwa, akaenda hospitali, akapewa vidonge, na siku ya pili yake yuko kazini. Akisinzia akagonga, sheria humtia fungu moja na mlevi. Je, mtu huyu na mlevi ni sawa? Na mbele ya Mwenyezi Mungu ana dhambi gani, naye hakufanya ila kujitibu?"

Suali hili tumeliona ni letu sote, si la waliouliza peke yao. Kibera si mji mgeni kwetu watu wa mwambao. Jina lake lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na wakazi wake wa kwanza ni askari wa Kinubi, Waislamu, waliowekwa pale na Serikali ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kawangware nako, upande wa magharibi wa jiji, kila asiyekuwa na gari hukujua kwa nambari ya matatu zake, nayo ni 46. Kutoka miji hii miwili maelfu ya watu hutoka kila alfajiri kwenda kutafuta riziki, wengine ndani ya matatu, wengine juu ya pikipiki, na wengi kwa miguu kandokando ya barabara. Wote hao wamezitia roho zao mikononi mwa mtu wasiyemjua jina. Na mambo yaliyoko huko yako Mombasa na Malindi vilevile. Hata Lamu, ambako punda ni wengi kuliko motokaa, watu wake husafiri kwa mabasi. Kwa hivyo jawabu tutakalotoa na lisomwe na kila mtu kama kwamba ni yeye aliyeuliza.

Tumewasikia watu wakizungumza jambo hili barazani, na tumeona kuwa udhuru wao ni wa namna tatu. Wa kwanza husema: "Dawa si pombe." Wa pili husema: "Daktari ndiye aliyenipa." Wa tatu husema: "Sikukusudia." Maneno yote matatu ni ya kweli. Lakini neno la kweli laweza kuwekwa mahali pasipokuwa pake likawa ni kizuizi cha haki, na hivyo ndivyo yalivyofanywa maneno haya.

Kwanza yatupasa tujue dawa hizi hufanya nini, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulijua. Si kila dawa huharibu akili ya dereva; dawa nyingi tunazopewa hazina neno kabisa. Lakini ziko zinazojulikana. Ziko dawa za mafua na za kujikuna, kama ile iitwayo Piriton ambayo haikosekani katika nyumba zetu, nazo huleta usingizi. Ziko dawa za maumivu makali na baadhi ya dawa za kikohozi zilizo na kodeini. Ziko dawa za kutuliza wasiwasi na za kulalia, kama diazepamu. Hizi zote hupunguza wepesi wa jicho, wa mkono na wa mguu. Dereva humwona mtoto akikatiza njia, lakini baina ya kumwona na kukanyaga breki hupita muda, na muda huo mdogo ndio unaomuua mtoto.

Wengi hudhani kwamba usiku ukipita dawa imekwisha. Sivyo. Diazepamu, nusu yake huweza kukaa mwilini baina ya saa 20 na 50, na kwa mtu mzima sana huweza kuzidi. Mwaka wa 2013 wakuu wa madawa wa Marekani waliamuru kipimo cha dawa moja ya usingizi, zolpidemu, kipunguzwe kwa nusu kwa wanawake, baada ya kuona kwamba asubuhi yake hubaki katika damu kiasi cha kutosha kumharibia mtu uendeshaji wa gari, na hali yeye ameamka, amevaa na anajiona yu mzima.

Na hapa ndipo penye khatari kubwa kuliko zote. Kitu kinachoharibika kwa dawa hizi ni kilekile ambacho mtu hukitumia kujipima. Dereva akisema, "Mimi najijua, sijalewa," anatoa ushahidi kwa akili ambayo yenyewe ndiyo inayoshitakiwa. Mizani iliyoharibika haiwezi kujipima. Kwa sababu hii neno "najiona sawa" haliwi hoja, wala kwa mlevi wala kwa mwenye dawa.

Sasa tutazame sheria za nchi. Sheria ya Barabara ya Kenya, katika kifungu chake cha 44, haikutaja kileo peke yake. Imetaja kileo au dawa, na kosa lenyewe ni mtu kuwa katika hali ambayo hawezi kulitawala gari lake ipasavyo. Haikuuliza dawa ilinunuliwa wapi, wala ni nani aliyeiandika. Imeuliza jambo moja tu: je, ulikuwa na uwezo wa kulitawala gari? Kweli, kipimo cha pumzi ambacho polisi wa Kenya walianza kukitumia kwa wingi mwishoni mwa 2013, ambacho wananchi hukiita Alkoblo, hupima kileo na hakioni kidonge. Dereva aliyemeza vidonge vya usingizi atapuliza na kifaa kitasema ni safi. Lakini kunyamaza kwa kifaa si kibali cha sheria, sembuse kuwa kibali cha Mwenyezi Mungu.

Mfano wake ni mchezaji mashuhuri wa gofu, Tiger Woods. Alfajiri ya tarehe 29 Mei 2017, huko Florida, polisi walimkuta amelala nyuma ya usukani, gari limesimama barabarani na injini inanguruma. Alipopimwa pumzi, kileo kilikuwa sifuri. Mwenyewe alisema ni dawa alizoandikiwa ndizo zilizomgeuka, na uchunguzi ulionyesha dawa za maumivu, za usingizi na za kutuliza wasiwasi, pamoja na athari ya bangi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alikiri mahakamani kosa la kuendesha gari kwa kutojali. Sifuri ya pombe haikumtoa katika lawama, na lau pangelikuwa na mpita njia mbele ya gari lile, sifuri hiyo isingelimfufua.

Na Waingereza, tangu tarehe 2 Machi 2015, wameweka vipimo vya damu kwa baadhi ya dawa za hospitali katika nchi za England na Wales, diazepamu ikiwa mojawapo. Wakaweka na udhuru: mtu aliyetumia dawa kama alivyoagizwa hahukumiwi kwa sababu tu kipimo kimepita. Lakini wakaacha kifungu chao cha zamani pale pale, kwamba aliyeharibika uendeshaji wake kwa dawa ana kosa, ijapokuwa dawa ni ya daktari. Yaani wamegawa mambo mawili: kutumia dawa ni jengine, na kuendesha gari akili ikiwa imefunikwa ni jengine. Mgawanyo huu ni wa haki, na maulamaa wetu wameutangulia kwa karne nyingi.

Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa Misri wa madhehebu ya Maliki aliyefariki mwaka wa 684 wa Hijra, alifafanua tafauti baina ya kitu kinacholevya, kitu kinacholaza na kitu kinachoharibu akili. Akaeleza kuwa kinacholevya ni haramu kichache chake na kingi chake, na mnywaji wake hupigwa hadi. Ama kinacholaza, hukumu yake ni nyepesi kuliko hiyo, na kidogo chake chaweza kutumiwa. Basi anayesema "dawa si pombe" ana mwanachuoni mkubwa upande wake. Lakini na afahamu kuwa maneno hayo ni hukumu ya kitu kile chenyewe na ya mtu anayekitumia. Hayazungumzi haki ya mtu wa tatu aliyegongwa.

Haki hiyo ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, nao ni mlango wa dhamana. Mfano wake mashuhuri ni wa mtu aliyelala akageuka usingizini, akamwangukia mwenziwe akamuua. Mtu huyu hana dhambi, kwani kalamu imeinuliwa juu ya aliyelala mpaka aamke. Lakini je, damu ya yule aliyekufa imepotea bure? La. Maulamaa wamesema diya hulipwa, wakalitia jambo lake katika fungu la kuua kwa kukosea, lililoelezwa katika aya ya 92 ya Suratun Nisaa. Kutokusudia kunaondoa dhambi, hakuondoi dhamana. Basi ikiwa hivi ndivyo ilivyo kwa mtu aliyelala kitandani mwake, mahali palipowekwa kwa kulala, itakuwaje kwa aliyelala akishika usukani, mahali palipowekwa kwa kukesha?

Na hapa tunafika penye kiini cha suali. Aliyelala kitandani hakufanya kosa alipokuwa macho. Dereva, wakati wa ajali, alikuwa kama aliyelala. Lakini kulikuwa na wakati kabla ya hapo ambapo alikuwa macho, akili yake timamu, kidonge mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili. Hukumu yake iko katika wakati ule. Hatumuulizi alifanya nini aliposinzia, kwani aliyesinzia hafanyi kitu. Twamuuliza alijua nini alipochukua ufunguo.

Kwa mujibu wa haya, madereva wa namna hii ni watatu, wala haifai kuwatia katika kapu moja. Wa kwanza hakujua wala hakuwa na njia ya kujua: alipewa dawa asiyoifahamu, akauliza akaambiwa haina neno. Huyu hana dhambi, ingawa kumtazama aliyemdhuru na kumfidia ni juu yake. Wa pili hakujua, lakini angeliuliza angelijua. Karatasi ya dawa ilikuwa mfukoni mwake, mwenye duka alikuwa mbele yake, naye akaona haya au akaona ni kupoteza wakati. Huyu amefanya taksiri, na taksiri katika roho za watu si jambo dogo. Wa tatu alijua. Alikwisha kusinzia jana kwa kidonge kilekile, mkewe akamwonya, naye akatoka. Huyu ni dhalimu, ijapokuwa ulimi wake haujapata kugusa tone la kileo.

Mtatuuliza: huyu wa tatu na mlevi ni sawa? Twajibu: mlevi ana madhambi mawili, la kunywa na la kushika usukani. Mwenye dawa hana la kwanza. Lakini la pili, akiwa alijua, wanalo sawasawa. Na la pili ndilo linaloua watu.

Ndugu zetu, tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Sisi watu wa mwambao tumezowea kuihesabu dhambi ya gilasi, na dhambi ya njia hatuihesabu. Mtu akionekana ametoka kilabu cha pombe, habari yake hufika msikitini kabla ya yeye kufika nyumbani, hata kama amerudi kwa miguu na hakumdhuru mtu. Lakini mwengine hupakia watu 14 na macho yake yanafumba, akiwa na kanzu safi na tasbihi imening'inia kwenye kioo, na sisi twamwita mcha Mungu kwa kuwa hanywi. Je, pombe iliharimishwa kwa rangi yake au kwa harufu yake? Katika hekima kubwa za kuharimishwa kwake ni kuihifadhi akili, ambayo kwayo mtu hutambua haki za Mola wake na haki za wenziwe. Aliyeikimbia chupa kisha akaipoteza akili kwa njia nyengine, na roho za watu ziko mkononi mwake, amelishika jina la sheria na kuiacha maana yake.

Yuko atakayesema: "Nyinyi mwazungumza mkiwa mmekaa. Dereva wa Kawangware hana mshahara wa mwezi. Jioni mwenye gari anataka fedha zake, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Akilala siku tatu kwa sababu ya vidonge, gari hupewa mwengine. Na dharura huhalalisha lililoharimishwa." Hoja hii ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini kanuni ya dharura ina mipaka yake, na maulamaa wameiwekea pembeni kanuni nyengine, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Mwenye njaa huruhusiwa kula mzoga; haruhusiwi kumuua mwenziwe apate kuishi. Njaa ya watoto wa dereva ni madhara, na kifo cha abiria aliyeacha watoto nyumbani ni madhara makubwa zaidi. Hatuna ruhusa ya kuziba tundu la nyumba yetu kwa kubomoa ukuta wa jirani.

Hata hivyo, hoja hiyo imetufunulia kwamba mzigo huu si wa dereva peke yake, na mwenye kumlaumu yeye tu amefanya dhulma. Mwenye gari anayeambiwa "naumwa, nimepewa dawa za usingizi" naye akajibu "nataka fedha zangu" ni mshirika katika kila litakalotokea. Abiria anayemhimiza dereva kukimbia, na hali amemwona akipiga miayo tangu kituoni, amejidhulumu mwenyewe na waliokaa karibu naye. Mwenye duka la dawa anayeuza bila ya cheti dawa ambazo sheria yataka cheti, au anayetoa vidonge ndani ya karatasi tupu isiyo na maelezo, na asimuulize mnunuzi kazi yake, ana sehemu kubwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amebainisha kwamba anayetibu watu naye hajulikani kwa elimu ya utabibu ana dhamana ya analolifanya. Na daktari mwenye elimu, akiandika dawa ya kulaza bila ya kusema neno moja kwa lugha anayoifahamu mgonjwa, hawezi kusema kwamba onyo limeandikwa ndani ya pakiti kwa Kiingereza. Onyo lisilofahamika ni kama halikutolewa.

Kwa hivyo yatupasa tufanye mambo, si kulaumiana tu. La kwanza, kila anayeendesha chombo, awe wa matatu, wa tuktuk, wa pikipiki au wa gari lake mwenyewe, akifika kwa daktari au kwenye duka la dawa aseme kabla ya kuulizwa: "Mimi ni dereva, je, dawa hii huleta usingizi, na hubaki mwilini muda gani?" Mara nyingi iko dawa nyengine isiyolaza, au wakati mwengine wa kuimeza. La pili, mtu asije akasoma maneno yetu akaitupa dawa yake. Mwenye kifafa, mwenye sukari, mwenye maradhi ya moyo au ya wasiwasi, akikatiza dawa bila ya shauri la daktari aweza kujiangamiza na kuangamiza wengine njiani. Tunachosema ni ushike dawa na uache ufunguo, mpaka ujue hali yako. La tatu, vyama vya matatu ambavyo madereva hufanya kazi chini yake, na misikiti ya Kibera na ya Kawangware na yetu ya huku, vitenge fungu dogo la kumtazama dereva mgonjwa kwa siku mbili tatu ambazo dawa haimruhusu kufanya kazi. Twachangia maziko kwa haraka sana. Kuchangia kabla ya maziko kuna thawabu zaidi na gharama ndogo.

Makadhi wa Kenya hawana mamlaka juu ya makosa ya barabarani. Hayo ni ya mahakama za Serikali, na dereva mwenye kosa atapelekwa huko ahukumiwe kwa ushahidi utakaopatikana. Mara nyingi hautapatikana, kwani kidonge hakina harufu, na aliyekufa hasemi. Huo ndio mwisho wa nguvu za sheria za watu. Lakini wakati ule ambao mtu alisimama na kidonge mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili ulikuwa na shahidi, na kwa shahidi huyo hakuna kesi inayofutwa kwa kukosa ushahidi.

Jawabu letu kwa ndugu zetu, basi, ni hili: kujitibu ni jambo jema na dawa yenu ni halali. Lakini uhalali wa dawa huishia mwilini mwa mgonjwa, haupandi garini pamoja naye. Usukani una hukumu yake peke yake, nayo ni hukumu ya amana. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.